Mgeni wa Volti 100

Hakuna aliyepata kumiliki gari la mtumba kutoka Japani asiyeijua ile fedheha ndogo ya redio: unalipokea gari limeng'arishwa, viti vinanukia, sauti ya mwanamke usiyemjua inakuamkia kwa Kijapani kila uwashapo, na utakapo kusikia taarifa ya habari unakuta namba hazipandi kupita 90, kwa kuwa masafa ya FM ya Wajapani kwa miaka mingi yalianzia megahezi 76 na kukomea hapo, ilhali ya kwetu huanza pale yanapokaribia kuisha ya kwao na kupanda hadi 108. Sisi wakazi wa Mafinga, ambao mchana na usiku huyatazama magari ya IT, yaani ya mtumba yanayopita tu kuelekea nchi jirani, yakienda Tunduma, na aghalabu huyapanda kwa nauli ya maelewano pindi basi linapotupita, tumekwisha kuzoea safari za kimyakimya ndani ya magari yenye redio nzima. Nayatanguliza haya ili msomaji asinidhanie nimerukwa na akili nitakapomweleza jinsi chombo kingine cha Wajapani, kilichoundwa ili watoto wakichezee, kilivyofanya kinyume chake, kikageuka kituo cha redio.

Chombo chenyewe ni Family Computer, ambacho wenyewe hukifupisha na kukiita Famicom. Nintendo walikitoa Japani tarehe 15 Julai 1983 kwa bei ya yeni 14,800, na msanifu wake mkuu alikuwa mhandisi Masayuki Uemura. Sisi mwaka ule tulikuwa na shughuli nyingine, maana ndio mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, na mtu aliyepata mche wa sabuni alirudi nyumbani kwa njia za vichochoroni. Na hata kama tungeletewa Famicom bure tusingekuwa na mahali pa kuichomeka, kwani ingawa wenzetu wa Zanzibar walikuwa wakitazama televisheni ya rangi tangu 1973, Tanzania Bara ilikaa hadi 1994 ndipo ikapata kituo chake cha kwanza. Yaliyotufikia baadaye ni maigizo ya Famicom kutoka China, yenye kaseti iliyojinadi kubeba michezo 9,999,999, na ukiichunguza unakuta ni michache tu, inayorudi na kurudi kwa majina mapya. Hayo ndiyo yaliyojaa vibandani, na vijana waliokuwa wakilipia zamu zao humo leo ni waheshimiwa.

Lakini mkusanyaji wa vitu vya kale ana maradhi yake, naye akishaonja nakala hatulii mpaka aipate asili. Mimi, fauka ya asili, nilitamani kile ambacho Wajapani hawakupata kukiuza popote nje ya nchi yao: Disk System, sanduku la kusomea diski lililotoka tarehe 21 Februari 1986, ambalo Famicom huwekwa juu yake. Mteja wa huko alikuwa akichukua diski yake ya manjano hadi dukani, akalipa yeni 500, na mashine ikaufuta mchezo aliouchoka na kumwandikia mwingine. Huduma hiyo, kwa sura moja au nyingine, iliendelea hadi 2003. Nani asingetamani? Basi mpwa wangu, ambaye ni dereva wa hayo magari ya IT, akaniletea vyote viwili jioni moja ya kipupwe, vimefungwa katika kanga, akasema amevipata kwa dalali wa Dar es Salaam aliyevikuta ndani ya buti la gari. "Mjomba," akauliza, "hiki si kile ulichokuwa ukikililia?"

Kilikuwa ndicho, pamoja na diski moja ya mchezo wa Zelda. Ila mgeni huyu alikuja na desturi zake, na ya kwanza ilikuwa umeme. Kwao ni volti 100, kwetu ni 230, na jambo hilo limeandikwa waziwazi juu ya adapta, nami nikamwonyesha fundi redio wa karibu na stendi, naye akalisoma kwa taadhima, akatikisa kichwa, kisha akaichomeka ukutani. Moshi uliotoka ulikuwa mwembamba na wenye staha. "Sasa tumejua," akasema fundi, na kwa kuwa ni mtu mwungwana akakaa siku ile ile kuunda adapta nyingine kutokana na masalia ya chaja, akizingatia safari hii kwamba Famicom hutaka volti 10 na kwamba upande wa hasi hukaa katikati ya plagi, kinyume cha vitu vingi tulivyovizoea.

Sanduku la diski likataka betri 6 za saizi ya kati. Maduka ya Mafinga yana betri ndogo za rimoti na betri kubwa za tochi. Za kati zinatajwa kama watu wanavyowataja jamaa waliohamia Kongo. Zilizopatikana mwishowe zilikuwa zimechoka, na kwa mujibu wa elimu tuliyorithi kwa wazazi tukazianika juu ya bati zipate jua, lakini Mafinga ya Julai haina jua la kumgawia mtu, na ukungu ulipoondoka saa nane betri zilikuwa zimelowa. Laiti televisheni ingekuwa tayari, Famicom ingeandika kwenye kioo kwamba kuna hitilafu namba 02, ya betri, jambo ambalo kila mtu pale alikuwa akilijua.

Hata betri mpya zilipopatikana, diski haikuzunguka. Fundi akafungua kifuniko, akaingiza kidole mahali palipopaswa kuwa na mkanda wa mpira, na kidole kikatoka cheusi: mkanda, kwa umri, ulikuwa umeyeyuka ukawa uji mzito unaonata, uliopaka mpini wa bisibisi, ukucha wake, kikombe changu cha chai, na kola ya koti la mtumba alilokuwa amelivaa, na haukutoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Kwa muda wa majuma kadhaa ungeweza kumjua kila mtu aliyepita kwa fundi kwa alama za vidole juu ya noti zake. Mkanda wa redio kaseti ya zamani ndio uliotuokoa.

Basi tukafikia televisheni. Famicom hupeleka picha yake kwa njia ya stesheni namba 1 ya Kijapani, yaani megahezi 91.25, mahali ambapo televisheni zetu hazitarajii kuona kitu; lakini mpwa wangu akatafuta kwa mkono, polepole, mpaka wakatokea Mario na nduguye Luigi, ambao mashine inapokosa diski hukimbizana wakiwasha na kuzima taa, kazi ambayo hapa mjini tumekwisha kufanyiwa bila wao. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, maadamu rangi za Wajapani hufuata mtindo wa NTSC na televisheni yangu haijui ila PAL. Tena haikuwa na sauti. Sauti ya Wajapani hukaa megahezi 4.5 juu ya picha, ya kwetu 5.5, kwa hiyo televisheni yangu ilikuwa ikitega sikio mahali pasipo na msemaji. Sauti ilikuwa 95.75, katikati kabisa ya masafa yetu ya FM.

Sasa yapasa kueleza kwamba ukuta baina yangu na duka la Bibi jirani ni wa mbao za Sao Hill, na kwamba rimoti ya pili ya Famicom ina kipaza sauti ambacho hupeleka maneno ya mchezaji pamoja na muziki. Katika Zelda kuna viumbe wenye masikio marefu mfano wa sungura, waitwao Pols Voice, ambao dawa yao ni kupigiwa kelele. Mpwa wangu alipowafikia akanyanyua rimoti na kunguruma: "Tokeni! Tokeni humu! Nitawamaliza wote!" Na upande wa pili, redio ya Bibi, aliyekuwa akitafuta kipindi cha salamu huku akimpimia mteja sukari, ikatoa amri hiyo hiyo kwa sauti ya kiume. Mteja hakungoja chenji.

Bibi alikuja mlangoni na redio mkononi. "Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene, Bibi."

"Huyu anayetufukuza ni serikali au ni mtu?"

Tukamketisha, tukamwonyesha rimoti, na mpwa wangu akasema ndani yake, "Shikamoo Bibi," na redio iliyokuwa mapajani mwake ikamwamkia. Akaiitikia marahaba. Akanyamaza kitambo, akauliza tangazo linagharimu kiasi gani, nasi tukamweleza kwamba mitambo yetu haivuki ukuta wake. Hilo halikumshughulisha. Kesho yake alileta karatasi na shilingi elfu moja: alikuwa amepotelewa na mbuzi jike, mwenye baka jeupe usoni, kamba ya katani shingoni. Saa moja jioni mpwa wangu akalisoma mara mbili, kwa sauti ya taarifa ya habari, na msikilizaji wetu pekee katika Tanzania nzima akagonga ukuta kutujulisha kwamba limesikika vizuri, ila mtangazaji amesahau kutaja kwamba mbuzi ana mimba.