Mtoto wa Kigombe na Shimo la Barafu

Mjomba wangu wa Kigombe, kati ya Tanga na Pangani, ana kanuni moja tu ya mshipi: ukikatika, ulikuwa mwembamba. Kwa kanuni hiyo amesomesha watoto sita na kuezeka nyumba bati. Havui kwa fimbo. Mshipi wake umekunjwa kwenye kipande cha boya, unapita juu ya kidole cha shahada, na kidole hicho kinamwambia kama huko chini kuna changu, kuna jiwe, au kuna changu anayejifanya jiwe. Akifuata nguru anatanguliza waya mbele ya ndoana, maana meno ya nguru ni mkasi. Mimi kila likizo ya shule nilikuwa mkumba maji wake, na kwa kazi hiyo ya kopo nilijihesabu mvuvi.

Naeleza haya ili mjue nilikuwa na kiburi cha namna gani siku nilipoingia duka la vifaa vya uvuvi hapa Barrie, Ontario, mwezi wa Januari, nje kukiwa na baridi ya nyuzi 19 chini ya sifuri.

Barrie iko penye pembe ya ghuba ya Kempenfelt, ambako Ziwa Simcoe lina kina kirefu kuliko kwingine kote, mita 41 hivi. Ghuba ikishaganda vizuri, watu wazima wenye kazi zao na mikopo ya nyumba hutoka na vibanda vya turubai, wakakaa juu ya ndoo zilizogeuzwa na kuchungulia mashimo. Wanamtafuta trauti wa ziwa. Jina lenyewe lina uongo kidogo, kwa sababu wataalamu hawamhesabu kuwa trauti hasa. Ni binamu aliyepewa jina la ukoo. Ni samaki wa baridi, anakaa chini, na ana subira kuliko mimi.

Aliyeniingiza katika mambo haya ni jirani yangu, Mkongo wa Uvira. Yeye amekulia ufukweni mwa Tanganyika, akivua mikeke kwa taa usiku. Mimi namwita Mzee Tanganyika, yeye ananiita Pwani, na tangu tuhamie mtaa mmoja hatujawahi kukubaliana kama maji yenye chumvi ndiyo yanayotoa mvuvi wa kweli. Aliponialika barafuni, nikaona sasa mahakama imeketi.

Dukani kulikuwa na ukuta mzima wa mishipi. Mwekundu, kijani, wa waridi, usioonekana, unaodai hauonekani. Kijana wa kaunta akaniuliza nataka lida gani. Nikamwambia nimekuja kutafuta samaki, mambo ya uchaguzi nimeyaacha nyumbani. Hakucheka. Akanieleza kwa upole kwamba lida ni kile kipande cha mbele, kinachofungwa kati ya mshipi mkuu na ndoana, na kwamba kwa trauti wa ziwa yeye angependekeza cha fluorokaboni, paundi 8 au 10, kirefu kidogo, kwa sababu maji ya huku chini ya barafu ni maangavu na samaki ana muda wa kutazama.

Paundi 10! Mjomba angeutumia kushonea kanzu.

Nikachukua uzi wa kusuka wa paundi 30, ule wenye nyuzinyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja, mgumu, haukatiki hata ukiuning'inizia kiroba. Mbele nikatia waya. Kijana akataka kusema neno, kisha akanitazama usoni akaona ni bure, akapiga risiti.

Jumamosi hiyo Mzee Tanganyika alikwisha kutoboa mashimo mawili kwa keekee lake kubwa kabla sijafika. Akaweka sona kando ya shimo langu, ile mashine inayoonyesha kilichopo chini kwa mistari ya rangi. Chini yetu palikuwa na mita 26. Nikashusha chambo bandia, samaki mdogo mweupe wa mpira, nikaanza kumchezesha.

Dakika kumi za kwanza nilikuwa mfalme. Halafu uzi ukaanza kunibadilikia. Ule uzi wa kusuka wenyewe haunywi maji, lakini kati ya nyuzinyuzi zake yanajificha, na kila nilipoukunja ulipanda na maji yake hadi hewani, na hewani yakaganda papo hapo. Ukawa tambi. Nasema tambi zile kavu za paketi, za Ramadhani, kabla hazijaingia kwenye sufuria: zimenyooka, zinakatika vipande, zinamwaga unga mweupe. Vipete vya fimbo vikajaa barafu hadi mshipi ukakataa kupita. Nikawa navibana kimoja kimoja mdomoni ili viyeyuke, jambo ambalo silipendekezi kwa mtu anayeipenda midomo yake.

Katikati ya shughuli hiyo, sona ikawaka. Mstari mwekundu ukapanda kutoka chini, ukafika usawa wa chambo changu, ukatulia. Nikazuia pumzi. Ukakaa karibu dakika nzima, kisha ukashuka taratibu ukapotea. Ukaja mwingine, ukafanya vilevile. Na wa tatu. Walikuwa kama wageni wa posa wanaofika, wanakunywa chai, wanasifu mapazia, na wakishaondoka husikii tena habari zao.

Mzee Tanganyika akaja kuchungulia. Akauinua mshipi wangu, akauona waya.

“Pwani,” akasema, “hii ni ya kufunga mbuzi?”

“Ni kwa ajili ya meno.”

“Meno gani, ndugu yangu? Samaki ya huku iko na macho. Inaona waya yako, inakwenda kuambia wengine.”

Siku hiyo yeye alipata wawili. Mimi nilipata mafua.

Ninyi mnaofikiri mtu hukoma kwa funzo la kwanza, hamjakaa na watu wa Tanga. Safari ya pili niliuacha uzi wa kusuka kwa sababu ulinitia aibu, nikanunua nailoni ya kawaida, uzi mmoja mviringo, kama ule wa nyumbani lakini mwembamba. Huu haugandi upesi. Nikajisifu. Nilichosahau ni kwamba Kigombe tunavulia nailoni nene katika maji ya vuguvugu, na hapa nimeikunja kwenye rili ndogo kama kikombe cha kahawa, kwenye baridi. Ilipotoka, ilitoka na umbo la rili. Misokoto mitupu, kama waya wa simu za zamani za mezani. Chambo kikawa kinazunguka chenyewe kule chini kama mtu aliyepandwa na pepo.

Na kuna jingine. Nailoni inavutika, ukiikaza sana inaweza kurefuka karibu robo ya urefu wake kabla ya kukatika. Kwenye mita mbili hilo ni neema, linapunguza mshtuko. Kwenye mita 26 ni balaa. Nilihisi kitu, au nilihisi kama nimehisi kitu, nikainua fimbo kwa nguvu zote hadi nikakaribia kuanguka na ndoo yangu. Juu, mimi nimeshapiga pigo la kishujaa. Chini, ndoana imesogea kidogo tu, kwa adabu, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi. Samaki akatema, akaenda zake. Kidole changu cha shahada, urithi wa Mjomba, hakikuambiwa lolote.

Nikarudi dukani nikiwa mnyenyekevu. Yule kijana alinikumbuka. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Safari hii nilimsikiliza. Kumbe hesabu yenyewe ni ya kugawana kazi. Mshipi mkuu uwe wa kusuka, mwembamba, wa paundi 15 hivi, kwa sababu hauvutiki na hukuletea habari ya chini ilivyo. Ukivulia ndani ya kibanda chenye jiko, suala la kuganda linakwisha. Mbele yake ifungwe fluorokaboni, kwa ajili ya macho ya samaki. Wajapani ndio walioanza kuitumia kwa mishipi miaka ya mwanzo ya 1970. Inazama, hainywi maji, inavumilia kukwaruzwa kwenye ukingo wa barafu, na siri yake kubwa ni namna inavyopinda mwanga: kipimo chake ni 1.42, maji ni 1.33, na nailoni inapita 1.5. Maana yake ukiitumbukiza majini jicho halipati pa kuishikia. Rola ndogo tu ilinitoka dola zaidi ya 20. Kwa fedha hiyo Kigombe unanunua nguru na unabaki na ya ndimu.

Kilichobaki ni fundo la kuunganisha nyuzi mbili zisizopendana, moja laini kama pamba, nyingine ngumu na ya utelezi. Kijana alinionyesha mara tatu. Nikakaa mezani nyumbani usiku mbili mfululizo, nazungusha huku, napitisha kule, nalowesha mate, navuta, linafumuka. Mama watoto akapita na kikapu cha nguo, akasimama.

“Ungesuka nywele kwa bidii hiyo,” akasema, “binti yako asingekuwa anakwenda saluni.”

Mwishowe likashika. Lakini barafuni, wiki moja kabla msimu haujafungwa Machi 15, fundo langu zuri likanasa kwenye zipu ya koti, na kulifunga upya kwa vidole vilivyokufa ganzi ikawa haiwezekani. Nikatumia njia ya mkato: ile pete ndogo ya chuma inayozunguka. Upande mmoja unafunga uzi wa kusuka, upande wa pili lida, mambo yameisha. Ina faida pia, kwa kuwa trauti wa ziwa akinaswa hujiviringisha kama mtoto anayekataa kuogeshwa, na pete inazuia mshipi usisokoteke. Sasa lida iwe ndefu kiasi gani? Mzee Tanganyika alikuwa ametia nusu mita na ushee. Mimi, kwa kanuni za ukoo wetu, nikaona kama nusu mita inatosha basi tatu ndiyo usalama.

Saa nne asubuhi sona ikawaka. Mstari ukapanda, ukatulia usawa wa chambo. Nikasubiri waanze kusifu mapazia. Badala yake kidole changu kikapata salamu: tk. Ndogo, kavu, dhahiri, kutoka mita 26 chini, kama mtu amegonga dirisha kwa ukucha. Nikainua fimbo na fimbo ikagoma.

“Taratibu, Pwani! Taratibu!”

Samaki akanizungusha dakika kumi au kumi na tano, sina hakika. Anashuka, nafuata, anapanda, nakunja. Kisha mapovu yakaanza kuchomoza shimoni, mengi, kama sufuria inayotaka kuchemka. Huyu samaki anapopanda hutoa hewa ya kibofu chake mdomoni, ndiyo maana anaweza kupigana hadi juu kabisa. Mapovu yanatangulia, mwenyewe yuko nyuma. Nikakunja rili kwa furaha. Ikasema ka! na kusimama.

Ilikuwa ile pete. Imefika kwenye kipete cha mwisho cha fimbo na haiwezi kupita. Na chini yake kuna lida ya mita tatu, na mwisho wa lida yuko samaki, ndani ya maji, anajiviringisha. Rili haina tena kazi. Nikainua fimbo juu, nikagonga paa la kibanda. Nikarudi kinyumenyume, nikakuta ukuta. Mzee Tanganyika amepiga magoti mbele ya shimo, mikono tayari, anapiga kelele kwa Kiswahili, Kifaransa na Kifuliiru.

Sikufikiri. Niliiachia fimbo ikaanguka, nikavua glavu kwa meno, nikaushika mshipi kwa mikono mitupu. Mkono, na mkono. Unalegeza akikaza, unavuta akilegea, kidole cha shahada mbele. Mwili wangu ulikuwa unajua jambo hili miaka thelathini kabla yangu. Kichwa kikatokea shimoni, kikubwa, cha kijivu chenye madoadoa, na mikono ya Uvira ikamkumbatia chini ya mashavu.

Sentimita 63. Pezi lake moja lilikuwa limekatwa, alama ya samaki aliyepandikizwa ziwani humo angali mdogo, kama mbuzi aliyetiwa alama sikioni. Jioni tulimpika kwa nazi ya kopo, na Mzee Tanganyika akakiri kwa kinywa kilichojaa kwamba pwani wanajua kupika.

Nikampigia Mjomba. Nikamweleza yote: barafu, keekee, sona, fluorokaboni, bei yake, paundi 10, pete iliyonasa, mkono kwa mkono. Alisikiliza kimya hadi nikadhani mtandao umekatika.

“Kwa hiyo ulimtoa kwa mkono,” akasema.

“Kwa mkono, Mjomba.”

“Sasa hiyo fimbo ulinunua ya nini?”