Sifa za Mnana, Mla Mpunga Wangu

Wafalme wamesifiwa, na nyota wa mpira wanasifiwa kila Jumapili. Leo nimesimama kumsifu mnana, ndege wa manjano mwenye kichwa cheusi na jicho jekundu, mkazi wa matete ya bonde letu hapa Kaniha, Biharamulo. Mpunga wangu anaula bila kunawa wala kukaribishwa. Tumekula sahani moja miaka mingi, ni haki nimtaje kwa wema.

Kwanza namshukuru kwa malezi. Mpunga ukishachanua na punje zikaanza kujaa maziwa, kwetu mtoto halali. Kabla jua halijachomoza unatakiwa uwe juu ya dungu, kombeo mkononi na debe bovu ubavuni, unaamia ndege. Mnana hachelewi kazini wala haombi ruhusa ya msiba. Anashika suke kwa kucha, anaminya punje kwa mdomo, anafyonza maziwa, kisha kapi analiacha likining'inia mahali pake kama vile hakuna kilichotokea. Ukitazama jaruba kwa mbali utasema limejaa. Siku ya kuvuna ndipo unajua ulilima makapi. Siku moja nilisinzia, bibi akanipigia kelele kutoka tutani: "Wewe mjukuu wangu, unaamia ndege, au ndege ndio wanakuamia wewe?"

Wapo wanaomchanganya na kwelea kwelea. Huko ni kumvunjia heshima. Kwelea kwelea huja kama moshi, hutangazwa redioni, na serikali humtumia ndege ya kunyunyiza sumu. Mnana ni mwizi wa mtaani: unamjua sura, na nyumba yake unaiona ukiwa dunguni. Tembo naye ana Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, kilomita za mraba 4,707, iliyotangazwa mwaka 2019, na akitoka humo akakufyekea shamba, ipo fomu ya kudai kifuta jasho. Mnana hana hifadhi, hana askari, hana fomu. Jasho alilonitoa yeye limenikaukia mgongoni.

Sasa njoo kwenye ufundi. Anatua kwenye jani la mgomba, anang'ata ukingoni, anakata kidogo, kisha anaruka akiwa hajaachia: chwaa! Utepe mwembamba unachanika na kumfuata. Akirudi mara arobaini, mgomba unabaki mbavu tupu. Utepe ule anaupeleka kwenye tete linaloinamia maji, analifunga fundo la kweli kwa mdomo na mguu, halafu anasuka pete moja ya wima. Pete ikikamilika anasimama ndani yake, na kuanzia hapo nyumba nzima inafuata urefu wa shingo yake: anaponyoosha mdomo mpaka mwisho, ndipo ukuta unapita. Mlango anautazamisha chini, ili nyoka anayetaka kubisha hodi aanze kwa kujifunza kuogelea. Waliosema nyumba njema si mlango hawakuwahi kupita bondeni kwetu.

Kisha unafika ukaguzi. Dume ananing'inia chini ya kiota kichwa chini miguu juu, anapigapiga mabawa na kukoroma kama redio isiyokamata stesheni. Jike anakuja na rangi yake ya kufifia, hana haraka. Anaingia, anavutavuta nyuzi kwa mdomo, anatoka. Akiridhika ataleta majani laini ya kutandika. Asiporidhika anaruka zake, bila barua wala maelezo. Kijani kinapauka kuwa kahawia, na kiota kikishakauka majike hawakitazami tena. Basi dume anapanda juu, anachanachana kazi yake mwenyewe mpaka inaanguka majini, na kuanza pete nyingine.

Mimi nilijengewa ghala la mpunga na fundi mmoja, jina lake nalihifadhi. Paa lilivuja upande wa mpunga, likawa kavu upande wa panya. Nilipomwita aje aone, aliniambia litajikaza lenyewe likipigwa na jua. Hadi leo linajikaza.

Usidhani mnana amezaliwa na umakini huo bure. Yupo kekeo mdogo wa kijani anayevizia viota vyake ili atage humo na kumwachia ulezi. Kwa sababu yake, kila jike wa mnana ana yai lake: mmoja jeupe, mwingine la samawati, wa tatu lenye madoa, na halibadiliki, kama sahihi ya benki. La kigeni akilitambua, analitupa nje. Watu walimpeleka mnana visiwa vya Mauritius na Hispaniola zaidi ya miaka 100 iliyopita, lakini kekeo hawakumbeba. Watafiti walipoyachunguza mayai ya huko, walikuta ya jike huyu na ya yule yameanza kufanana, na hata ya kiota kimoja hayalingani sawasawa kama ya Afrika. Asiye na tapeli mlangoni huanza kusaini ovyo.

Nami naona hivyohivyo. Mnana angehama bonde hili, ningelala mpaka saa tatu, debe lingeota kutu, na wajukuu zangu wangedhani mpunga unatoka dukani.

Jana jioni niliteremka dunguni nikapita kando ya matete. Kiota cha kahawia kilikuwa kinaelea majini, kimekataliwa. Juu yake, kwenye tete lilelile, ilikuwa imeshafungwa pete mpya, mbichi, ya kijani. Nikasogea nimpongeze fundi, na kile kijani nikakitambua. Ni mgomba wangu.