Barua ya Wazi kwa Ford: Farasi Wenu Anamwogopa Mchungaji

Kwa: Wakuu wa Kampuni ya Magari ya Ford,
Dearborn, Michigan, Marekani.

Nakala: Kampuni ya Matairi ya Goodyear, Akron, Ohio.

YAH: PONGEZI KWA KUONDOA NENO MOJA UBAVUNI MWA TAIRI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni fundi wa kuziba pancha hapa Arusha. Kibanda changu kina kompresa moja, jeki mbili ambazo moja ndiyo inayoaminika, na benchi la wateja ambalo zamani lilikuwa kiti cha nyuma cha Coaster. Elimu yangu kubwa nimeipata mbavuni mwa matairi. Mtu akikaa miaka kumi na tisa anageuza matairi, atake asitake atayasoma: jina la mwenye kiwanda, jina la tairi lenyewe, ukubwa, uzito linaoweza kubeba, upepo, nchi lilikotoka, na ile tarehe inayojificha kama mdaiwa mwisho wa mwezi. Ndiyo maana kazi yenu ya uhariri haikunipita.

Nazungumzia Bronco, gari lenu la porini. Ilikuwa imepotea tangu 1996, Julai 2020 mkaitangaza upya, na wapenzi wa magari ya porini hawakulala. Sijaiziba pancha hata moja, maana huku kwetu ni Land Cruiser nyuma ya Land Cruiser. Lakini dereva mmoja wa watalii aliniletea picha yake kwenye simu, akaivuta kwa vidole mpaka tairi likajaa kioo kizima. Tairi la Goodyear, la matope, inchi 35. Ubavuni pameandikwa TERRITORY.

"Fundi," akaniuliza, "hili si lile la Wrangler?"

Nikamwambia ndilo. Matairi ya porini ya Goodyear ni ukoo mmoja, na ukoo wenyewe unaitwa Wrangler. Ndani yake yumo Wrangler Territory, tunayemfahamu kwa majina yake mawili. Alipofika mlangoni kwenu, jina la ukoo likaachwa nje, kama viatu msikitini.

Sababu haihitaji mganga. Wrangler ni jina la Jeep, na Jeep hiyo, iliyo sokoni tangu 1986, ndiyo Bronco ilirudi duniani kuifukuzia. Inaundwa Toledo, Ohio, mwendo wa kama saa moja tu kutoka kiwanda chenu cha Wayne. Nawaelewa kabisa. Hapa kwetu kuna Simba na Yanga. Mkitaka maelezo njooni Kariakoo, ila mjifunge mikanda. Mchezaji wa Simba akiingia uwanjani amevaa soksi zilizoandikwa Yanga, hata kama zinambana vizuri na hazimpi malengelenge, hatoki salama. Mtu anauza gari la mamilioni, halafu matairi manne, pamoja na la tano linaloning'inia mlango wa nyuma, yanamtangaza jirani. Hapana. Hata mimi ningefuta.

Wenzenu wa Jeep wao hawakuwa na taabu hiyo. Wrangler Rubicon yao ya kwanza, ya mwaka 2003, ilitoka kiwandani imevaa Goodyear Wrangler MT/R. Gari Wrangler, tairi Wrangler. Kama yule bwana anayeshona herufi za jina lake kwenye kola, mfukoni, na kwenye leso pia, asije akajisahau.

Kilichonifurahisha zaidi ni maana. Kiingereza changu ni cha mbavuni mwa matairi, kwa hiyo nililazimika kumuuliza mwalimu mmoja anayeletaga baiskeli yake kujazwa upepo. Akanieleza kwamba bronco, kwa wachunga mifugo wa magharibi ya Marekani, ni farasi ambaye bado hajakubali kupandwa, anayeruka na kutupa watu. Na wrangler? Ni yule mtu wa kambini anayewachunga farasi na kuwarudisha zizini. Nikaweka spana chini. Kumbe hamkuwa mnalinda biashara tu. Mlikuwa mnamlinda mnyama! Farasi mkaidi, mliyemnyamazisha miaka ishirini na nne, mngemtoaje porini akiwa amekanyagishwa jina la mchungaji wake katika kila kwato? Angejisikiaje?

Lakini uhariri ni kazi ngumu, na mhariri mzuri husoma pia neno linalobaki. Territory, waheshimiwa, ni gari lenu. Mliliuza Australia kuanzia 2004 hadi 2016, na siku hizi jina hilo hilo mmelipa gari jingine linalotoka China. Kwa hiyo Bronco anatembea akitangaza Ford nyingine, tena ya kupelekea watoto shule. Neno la jirani limeondoka, limebaki la kwenu. Sijui kama ni bahati au ni akili. Kama ni akili, nawavulia kofia yenye grisi.

Sasa niruhusuni mashaka madogo. Mna lori lenu la F-250, toleo linaloitwa Tremor, yaani mtetemeko. Lilipotoka mwaka 2020 lilivalishwa Goodyear Wrangler DuraTrac za inchi 35, na neno Wrangler likaachwa pale pale, zima, bila mtu kushtuka. Nimelitafakari hilo mchana kutwa. Jibu nililopata ni kwamba mtetemeko wa ardhi hauogopi mchunga farasi. Anayemwogopa ni farasi.

Mdogo wake, F-150 Tremor ya 2021, alikuja na matairi ya General, aina ya Grabber. Hapo mwalimu wa baiskeli alicheka mpaka akakaa. Kwa majirani zetu wa Kenya, grabber ni mtu anayejulikana sana: ndiye mnyakuzi wa viwanja vya shule, makaburi na misitu. Kwenu mchungaji alionekana aibu kwenye gari, mnyakuzi akapewa magurudumu manne. Na mkiwapanga barabara moja, Grabber nyuma na Territory, yaani eneo la ardhi, mbele, mtakuwa mmeandika historia nzima ya ardhi ya Afrika Mashariki kwa mpira tu.

Swali la suruali nalo liko mezani. Kuna jinzi za Wrangler tangu 1947, zimezaa mitumba mpaka sokoni kwetu. Mteja wenu akija kuchukua Bronco yake amevaa hizo, je, anavuliwa mapokezini au mnamfunika lebo ya nyuma kwa gundi?

Nawaachia Goodyear aya moja, kwa kuwa nao wanasoma. Charles Goodyear ndiye aliyegundua, mwaka 1839, namna ya kupika mpira na salfa usiyeyuke kwa joto wala kupasuka kwa baridi. Alifungwa jela kwa madeni zaidi ya mara moja, akafa 1860 akiwa na deni la kama dola 200,000. Kampuni yenye jina lake ilianzishwa 1898, na si yeye wala wanawe walioianzisha. Ni heshima tu. Basi mtu ambaye hakupata hata rimu moja, jina lake linakaa kwa herufi kubwa kwenye kila tairi, na hakuna mwanasheria aliyesumbuka. Marehemu hana gari la kushindana na mtu.

Akron, kwa taarifa yenu, si mji wa mbali kwangu. General Tire nayo ilizaliwa huko, na jina lake lilikuja hadi hapa Arusha, likaandikwa kwenye kiwanda cha General Tyre, mali ya serikali yetu na wabia. Kwa miaka mingi gari la Tanzania lilikwenda shamba, msibani na harusini kwa matairi ya mji huu. Kiwanda kimesimama. Jina bado linaonekana ukipita, na hakuna aliyejisumbua kulifuta. Sisi tunafuta kiwanda, tunabakiza jina.

Turudi kwenu, maana sasa nataka kusema jambo ambalo hadi hapa nimelizungukia kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Nyinyi mnajua kuliko mtu yeyote kwamba maandishi ya tairi si pambo. Biashara kubwa ya Henry Ford na Harvey Firestone ilianza 1906, Ford aliponunua kwake seti 2,000 za matairi. Walipiga kambi pamoja, na mwaka 1947 wajukuu wao wakaoana. Halafu Agosti 2000 kampuni ya Firestone ikayaita matairi milioni 6.5 yarudi, mengi yakiwa miguuni mwa Explorer zenu. Ngozi ya juu ilikuwa inabanduka gari likiwa mbio kwenye barabara kuu, na gari linapinduka. Marekani peke yake, ajali zilizohusishwa na matairi hayo ziliua zaidi ya watu 200. Ninyi mkasema tairi ni bovu. Wao wakasema gari linapinduka kirahisi. Na katikati ya ugomvi huo ilikaa tarakimu moja ndogo: ninyi mlikuwa mmeandika kwenye kibandiko cha mlangoni upepo wa paundi 26, baadaye Firestone wakataka 30. Paundi nne. Hapa kibandani paundi nne ni kukohoa mara mbili kwa kompresa. Mei 2001 undugu wa karibu karne nzima ukavunjika kwa barua, na hata hii taa ya njano inayowaka kwenye magari mapya upepo ukipungua ilizaliwa na sheria iliyotungwa baada ya vifo vile.

Kwa hiyo nikiwaona mmekaa na Goodyear kwenye meza, mkaagiza neno liondoke, na likaondoka, ninachojifunza ni kwamba mnaweza. Ubavu wa tairi unaharirika. Kwa miaka yote nilidhani yale maandishi yanakuja na mpira, kama madoa ya chui.

Basi someni na yaliyobaki. Tarehe ya kutengenezwa kwa tairi ni tarakimu nne tu: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Imeandikwa kwa herufi za mchwa, mara nyingi upande mmoja peke yake, na fundi akilifunga tairi upande huo ukaangalia ndani, mwenye gari hataiona mpaka aingie uvunguni na tochi ya simu mdomoni. Nimeingia mara nyingi. Mteja anakuja na tairi lina meno kamili, linang'aa, kijana wangu ameshalipaka jina rangi nyeupe kwa sababu mteja amelipia, nalo lina miaka kumi na mitatu na ubavu umekauka kama muhogo wa juani. "Lakini Fundi, si jipya hili? Ona maandishi yake!" Anaona maandishi, ndiyo. Yale makubwa.

Upepo nao hivyo hivyo. Namba iliyo ubavuni ni ya mwisho linayoweza kuhimili, siyo inayofaa gari lake. Inayofaa iko kwenye kibandiko cha mlangoni, ambacho kwa magari yetu yaliyotoka Japani kimeandikwa Kijapani, na huwa tunaambulia tarakimu. Mteja anasoma namba ya ubavuni kwa sauti, kwa fahari, kama mtoto aliyejua kusoma, ananiambia jaza hapo. Nikimkatalia anadhani nambania upepo.

Waheshimiwa, neno Wrangler lina herufi nane. Mlipoliondoa, nafasi ya herufi nane ilibaki wazi, tena mahali pazuri, penye mwanga, pa kusomwa na mtu aliyesimama. Tarehe ni tarakimu nne. Ingeingia mara mbili. Nimepima kwa rula yangu kwenye Wrangler ya mteja, na nimelipia soda yake kwa kumchelewesha. Kama hamtaki kuandika tarehe, basi andikeni "soma kibandiko cha mlangoni". Nitamtafuta mwalimu wa baiskeli anipatie Kiingereza chake kifupi. Na kama hata hilo ni zito, acheni pawe patupu. Kijana wangu atachora farasi.

Nisiwachoshe. Namalizia na habari ya neno lenu, nikidhani mngependa kujua lilikofika. Jumamosi iliyopita alipita hapa mzee wa Kimasai, ng'ombe wake wakiwa mbele, fimbo mabegani, akaomba maji. Alikuwa amevaa katambuga mpya. Nyayo zilikatwa kwenye tairi, na mikanda ya juu ilikatwa ubavuni, herufi zikiwa bado zimeinuka. Mguu wa kushoto ulisomeka WRANG. Wa kulia, GLER. Aliyekata alikuwa na tairi zaidi ya moja. Nikamuuliza kama anajua pameandikwa nini. Akainama akatazama, akasema hajui, ila zinamkaa vizuri. Kisha akapiga mluzi, ng'ombe wakageuka wote, akavuka barabara.

Wenu katika kuziba,

Fundi Pancha,
Arusha.