Milia ya Juni, Pua ya Januari

Aibu ya mtengeneza modeli za ndege humjia taratibu. Humjia pale mgeni mwenye miwani anapoinamia meza ya maonyesho, akaitazama Spitfire iliyotoka mikononi mwa mtengenezaji huyo majuzi, kisha akauliza kwa upole: "Hii ni ya Juni au ya Januari?" Maana mabawa yamevishwa milia ya Juni 1944, na puani kuna koni nyeusi ambayo vikosi vya Uingereza vilivyokuwa bara Ulaya viliamriwa kuipaka Januari 1945. Kila alama ni ya kweli, ila ndege yenyewe haikupata kuwepo. Ndiyo maana nashikilia kwamba mtu asichague alama, achague siku. Siku ikishapatikana, rangi, mabomu na hata uchafu vitajipanga vyenyewe.

Milia ndiyo inayowaponza wengi. Julai 1943, huko Sisilia, mizinga ya Washirika ya nchi kavu na ya melini iliangusha usiku mmoja ndege 23 za Marekani zilizobeba askari wa miavuli wa upande huohuo. Ili balaa hilo lisijirudie katika uvamizi wa Normandy, ndege zikaamriwa kupakwa milia mitano, mitatu myeupe na miwili myeusi, kila mmoja upana wa inchi 18 kwa ndege za kivita za injini moja. Kwa kuwa ilikuwa siri, kazi iliachwa mpaka saa za mwisho, na mafundi wa kiwanjani wakapaka harakaharaka kwa brashi, wengine hata kwa mifagio. Mwezi mmoja hivi baadaye ikaamriwa milia ya juu ifutwe, ili ndege zilizoegeshwa Ufaransa zisionekane kirahisi kutoka angani. Kwa hiyo milia kamili ni ya wiki chache tu, na mara nyingi ilipinda. Sasa fungua boksi la modeli: vibandiko vimenyooka utadhani vimepigwa rula na mhandisi. Anayepindisha milia kwa makusudi, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, hukatwa maksi mashindanoni kwa uzembe. Aliyebandika iliyonyooka huondoka na kombe la usahihi. Hapo ucheshi hunitoka. Boksi hilohilo limeandika jina la rubani, cheo chake na hesabu ya ndege alizotungua, lakini fundi aliyekesha na ndoo ya rangi hakutajwa hata kwa herufi moja.

Mbishi atasema: "Mimi nina picha." Vizuri, lakini picha imepigwa kwa filamu gani? Chumvi za fedha zilizo kwenye filamu kwa asili yake huhisi mwanga wa buluu tu. Wakemia walizitia rangi maalumu zihisi na kijani, ikapatikana filamu ya othokromatiki, ambayo nyekundu haiioni kabisa. Ndiyo sababu mtu aliweza kuisafisha chumbani huku taa nyekundu inawaka, na filamu isiharibike. Katika filamu hiyo nyekundu hutoka nyeusi, njano hufifia ikawa giza, na buluu hupauka ikakaribia nyeupe. Itazame basi nembo ya duara ya Kiingereza: ukingo wa njano umegeuka mweusi, na pete ya buluu imekuwa kama maziwa yaliyotiwa maji. Mtu akishika picha hiyo akaapa kwamba kikosi fulani kilikuwa na nembo za ajabu, picha haikusema uongo. Ni yeye hakuijua lugha yake.

Wengine huuliza nani ataona hayo kwenye modeli ya 1/72, ambapo inchi 18 ni milimita 6 na ushei. Ataona yuleyule atakayegundua kwamba vitambaa vyekundu vya kuziba midomo ya bunduki bado ni vizima, ilhali nyuma yake bawa limejaa masizi ya risasi.

Silaha ni hadithi fupi. Boksi huleta kila kitu, na mtu hujaza chini ya ndege kama anayepakua pilau ya harusini. Lakini kwenye Spitfire Mk IX, bomu la ratili 500 na tangi la ziada la mafuta hukaa palepale, chini ya tumbo. Ukiweka moja, jingine libaki boksini. Anayeona uchungu kuacha mabawa matupu anaweza kufunga pipa la bia kwenye kishikilio cha bomu chini ya kila bawa. Baada ya uvamizi wa Normandy, Spitfire zilivusha bia kwa njia hiyo kuwapelekea wenzao ng'ambo ya Mlango wa Uingereza, na waamuzi wakikunja uso, picha zake zipo.