Usishuke Kumsalimia: Mwongozo wa Kukosa Adabu Barabarani Marekani

Mtu aliyelelewa vizuri Kigoma, Bukavu au Mombasa ana kasoro moja kubwa anapoendesha gari Marekani: adabu. Nyumbani, trafiki akimsimamisha, anazima gari, anashuka, anamfuata askari mpaka kivulini aliposimama, anampa mkono, anauliza habari za kazi, ndipo maneno ya leseni yanaanza. Kubaki umekaa kitini ukimsubiri mtu mzima aje dirishani kwako ni majivuno. Basi mwongozo huu unafundisha majivuno hayo, na wanafunzi wake ni ndugu zetu wa Louisville, Houston, Grand Rapids na kwingineko ambako Kiswahili kimehamia.

Ukiona taa za bluu na nyekundu kwenye kioo, washa indiketa ya kulia, punguza mwendo, egesha pembeni mahali penye nafasi. Kama ni usiku, washa taa ya ndani. Zima injini, shusha kioo, weka mikono yote miwili juu ya usukani, kisha kaa. Usifungue mkanda, usiiname kutafuta karatasi, usichukue simu kumwarifu mkeo. Na mlango usiuguse kabisa. Kule, dereva anayeshuka na kumwendea askari haonekani mstaarabu aliyekuja kusalimia. Anaonekana mtu aliyekuja kushambulia. Askari wamefundishwa hivyo, katika nchi ambayo bastola ndani ya gari ni jambo la kawaida, na wengi wao humkaribia dereva wakiwa na hofu.

Patrick Lyoya alikuwa na miaka 26. Familia yake ilitoka Kongo, ikafika Marekani mwaka 2014. Asubuhi ya tarehe 4 Aprili 2022, mjini Grand Rapids, Michigan, polisi alimsimamisha kwa madai kwamba namba hazikuwa za gari lile. Lyoya akashuka. Akaamriwa arudi ndani, akabaki amesimama nje. Polisi akamuuliza kama anajua Kiingereza. Dakika chache baadaye kulikuwa na kukimbia, kukamatana, kugombea kifaa cha kupigia shoti ya umeme, na mwisho risasi ya kisogoni, Lyoya akiwa amelala kifudifudi. Baba yake aliwaeleza waandishi wa habari uchungu wake kwa Kiswahili, mkalimani akiwa pembeni. Polisi yule alifukuzwa kazi, akashtakiwa kwa mauaji ya daraja la pili. Mei 2025 wazee wa baraza walishindwa kukubaliana, na mwendesha mashtaka akaamua kutoirudia kesi.

Katika video ya tukio hilo, kabla hakijaharibika kitu, kilichopo ni kijana aliyeshuka garini, jambo ambalo wengi wetu tungelifanya bila kufikiri. Namba za gari zisizolingana hazimstahilishi mtu kifo, wala kushuka. Nalisema hili wazi kwa sababu ushauri wa namna hii huweza kusomwa kana kwamba aliyeuawa alifeli mtihani. Mwenye wajibu mkubwa wa kutulia ni yule mwenye bunduki na mshahara wa serikali. Lakini mwongozo huu hauwezi kumfikia yeye. Unakufikia wewe, na nataka ufike nyumbani.

Turudi kwenye mikono. Kila kiungo chako kitakachosogea, kitangulize kwa maneno. Leseni iko mfuko wa nyuma? Sema iko mfuko wa nyuma, uliza kama unaweza kuitoa, subiri jibu, kisha itoe polepole kama mtu anayetoa yai chini ya kuku anayeatamia. Vivyo hivyo kwa kadi ya usajili na karatasi ya bima. Sentensi hizi fupi za Kiingereza zifanyie mazoezi jikoni, kwa sauti, mpaka watoto wakucheke, kwa sababu hofu ikija, lugha ya pili ndiyo huwa ya kwanza kukimbia.

Philando Castile aliyatanguliza maneno. Tarehe 6 Julai 2016, huko Falcon Heights, Minnesota, alimwambia polisi kwa upole kwamba ana silaha, nayo alikuwa na kibali chake. Sekunde chache baadaye alipigwa risasi, mpenzi wake akiwa kiti cha pembeni na bintiye wa miaka minne kiti cha nyuma. Mwaka 2017 polisi huyo aliachiwa huru. Utulivu unapunguza hatari. Anayekuahidi kwamba unaimaliza anakudanganya.

Jingine la kukosea adabu ni macho. Umefundishwa kutomkazia macho mkubwa, na ni malezi mazuri, ila kule anayetazama chini huhesabiwa kuwa anaficha kitu. Mtazame askari usoni kwa kawaida unapozungumza naye.

Halafu kuna ukoo. Gari letu halina mtu mmoja. Shangazi aliye nyuma ataanza kuomba msamaha kwa niaba ya wote, mjomba atataka kusuluhisha, na binamu aliyesoma atafungua mlango aeleze jambo kwa ufasaha. Mkubaliane kabla ya safari: anayezungumza ni dereva, wengine mikono juu ya magoti, hata shangazi. Ndiyo, mwambie shangazi anyamaze. Atakusamehe jioni.

Kinywa nacho kina heshima zake za hatari. Askari huuliza kama unajua kwa nini amekusimamisha, na sisi hujibu haraka, “Samahani mkuu, nisamehe,” hata kabla hatujajua kosa. Kwetu hiyo ni salamu tu. Kule inaweza kuandikwa kuwa ni kukiri. Toa karatasi anazotaka, usidanganye, na kuhusu mengine una haki ya kunyamaza. Sema kwa upole kwamba ungependa kunyamaza. Hatari zaidi ni ile “ndiyo” ya kumridhisha mgeni, kichwa kikitikiswa bila swali kueleweka. Huenda askari ameomba kupekua gari, nawe umeshakubali. Usipoelewa, sema hujaelewa na uombe mkalimani wa Kiswahili. Upekuzi unaweza kuukataa kwa mdomo. Akipekua hata hivyo, rudia kwamba hukukubali, lakini usimzuie kwa mkono. Akikuamuru ushuke, sasa ndiyo shuka: Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu amri hiyo mwaka 1977. Mahakama hiyohiyo ilisema mwaka 2015 kwamba huwezi kucheleweshwa barabarani kupita muda wa kushughulikia kosa la gari bila sababu ya msingi ya kukushuku. Hoja hiyo iweke akilini umpelekee wakili, usimfundishie askari pembeni ya barabara.

Noti zisikae pamoja na leseni. Hakuna ya soda, hakuna chai, hakuna ya maji. Kumpa askari hela ni jinai, na faini ndogo ya mwendo kasi itageuka kesi ya rushwa.

Akikuandikia tiketi, akitaka uisaini, saini. Katika majimbo mengi saini hiyo ni ahadi ya kulipa au kufika mahakamani, wala si kukiri kosa. Akikuambia nenda, washa indiketa, ondoka taratibu, na usishuke kumshukuru. Ukishafika mahali salama, andika saa, mahali, jina lake na namba ya beji, na kila neno unalolikumbuka, hasa kama ulidhulumiwa. Kisha itazame tarehe iliyo kwenye tiketi, ipigie simu mahakama mapema uombe mkalimani, na usiiache tarehe hiyo ipite. Asiyefika anaweza kufungiwa leseni na kutolewa hati ya kukamatwa, na siku atakaposimamishwa tena, askari atakuwa ameshaiona hati hiyo kwenye kompyuta yake kabla hajafungua mlango.