Sifa kwa Wenye Mwakenya

Kaunti iliyotoa wachongaji wa Wamunyu haikosi mikono myepesi. Chuoni huko Machakos, mhula mzima wa masomo hutoshea kwenye mwakenya, kikaratasi cha majibu cha kiganjani, nukta na mkato mahali pake. Halafu mtu anasema vijana hawana bidii! Vibanda vya fotokopi vinalipa kodi kwa jasho lao. Na kitabu kisichofunguliwa hakichakai; hiyo nayo ni akiba ya taifa.

Mhadhiri asilaumiwe. Akizama kwenye gazeti wakati wa mtihani, anaheshimu faragha za watu. Akikuta majibu hamsini yenye kosa lilelile la tahajia, basi hatimaye darasa limeelewana. Maswali yake ya enzi za Kibaki hayabadiliki, maana mila haitupwi.

Wale 5,101 waliofutiwa matokeo ya KCSE, mtihani wa sekondari, ya 2015 kwa udanganyifu walikuwa na haraka tu. Wangesubiri chuo.

Uingereza nayo, kwa sheria ya 2022, ikaharamisha biashara ya kuwaandikia wanafunzi insha. Utovu wa shukrani! Vijana wetu walioziandika wamewasomea watoto wa wenyewe usiku kucha hadi wakahitimu, na hata kipande cha keki ya mahafali hawakutumiwa.