Sifa za Mzee Saba wa Kitengela

Wenye pesa na wazisifu kompyuta zao zinazowaka kabla mtu hajavuta kiti. Mimi namsifu Mzee Saba, yaani Windows 7, anayehudumu katika saiba za kando ya barabara ya Namanga, kuanzia Kitengela, Isinya hadi Kajiado mjini, ndani ya mashine za ex-UK zilizoshiba vumbi. Alizaliwa Oktoba 2009. Microsoft ilimstaafisha tarehe 14 Januari 2020, lakini hajapumzika hata siku moja. Kila Juni ikielekea ukingoni, wanaokimbizana na makataa ya KRA bado hupanga foleni mbele yake.

Mzee hana ulafi. Vijana waliomfuata hupakua masasisho mpaka bando la mwenye duka linakata roho kabla ya chai ya saa nne. Yeye hapakui kitu, maana hakuna tena anayemletea. Wala hatakuzimikia katikati ya fomu ya HELB eti anajisasisha. Akizima, jua stima imepotea.

Ni mkweli pia. Mara nyingi kioo chake ni cheusi, na pembeni kwa chini ameandika waziwazi kwamba nakala hii si halisi. Nitajie muuza ploti mmoja wa Kitengela aliyewahi kubandika tangazo kama hilo mlangoni pa ofisi yake.

Na historia anaijua kuliko walimu wetu. Ile betri ndogo ya saa ikishakufa, kila stima ikirudi naye hurudi miaka ya nyuma. Unaketi ufungue eCitizen, yeye yuko Januari 2009: Katiba mpya bado, kaunti ya Kajiado haijazaliwa, na cheti cha usalama cha tovuti unayoitaka hakijaanza kutumika. Tovuti inakataa. Kijana wa saiba anainama, anarekebisha tarehe, nawe unavuka zaidi ya miaka kumi bila nauli.

Lakini sifa yake kuu ni ukarimu. Fungua folda ya vilivyopakuliwa: humo mna vitambulisho vya majirani, PIN za KRA, vyeti vya tabia njema, hatimiliki, na mkataba wa kuuziana shamba ambao pengine hata wake wa muuzaji hawajausikia. Hafichi mgeni chochote. Sheria ya Kulinda Data ilianza kutumika nchini tarehe 25 Novemba 2019, siku 50 tu kabla ya yeye kustaafu, kwa hiyo tusimlaumu sana kwa kutopata nafasi ya kuisoma. Virusi navyo havifukuzi. Mei 2017, WannaCry ilipozunguka dunia na kuvuruga hospitali za Uingereza, nyingi kati ya mashine zilizoambukizwa zilikuwa zake, ingawa kiraka kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Siku hizo angalau viraka vilikuwepo.

Mwenye saiba naye ana hesabu zake. Ukurasa wa shilingi 10 haununui kompyuta mpya, na Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 ambayo mashine za rika la Mzee kwa kawaida hazina. Chrome ilimtupa mapema 2023; anaendelea na toleo la zamani, kurasa nyingine zikifunguka nusu. Hata wale wa Windows 10 waliokuwa wakimcheka, mfumo wao ulifikia mwisho wa huduma za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Karibuni barazani.

Basi ukimtembelea Mzee, mheshimu. Chapisha chako, toka kwenye akaunti, futa ulichopakua, kisha futa tena kwenye kapu la taka. Na ile flashi uliyochomeka kwake, ipime virusi kabla hujaichomeka kwenye mashine ya ofisini.